Vitabu Sitini na Kimoja vya Daraja la Fifi

Saa moja kasorobo asubuhi, Wilhelmina Ngeleja anaifuta meza ya kupangia pamba daraja kwa kitambaa kikavu, pembe hadi pembe, kama alivyofanya kila msimu wa ununuzi kwa miaka ishirini na minne. Kisha anaketi, anavaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na juu ya meza ile, mahali pa pamba, anaweka kitabu.

Nje ya ghala hakuna foleni. Mkokoteni mmoja wa ng'ombe umesimama na magunia matatu, na mwenye mkokoteni bado anatazama ng'ambo ya barabara, ambako wanunuzi binafsi wamekwisha kutundika mzani wao.

"Mwangaluka, mayu," mkulima huyo anamwamkia, akimwita mama kwa Kisukuma.

Wilhelmina anaitikia bila kuinua macho. Kidole chake kiko juu ya mstari, na mstari huo hataki umponyoke.

Leo ni tarehe 11 Julai. Amebakiwa na siku tisa na vitabu kumi na vinne. Hesabu hiyo ameiandika kwa chaki kwenye ubao wa ghala, chini ya bei ya pamba, na kila afunguapo ukurasa huitupia jicho, kana kwamba namba zile zaweza kupungua zenyewe akizipa kisogo.

Ifikapo tarehe 20, ghala hili la chama cha msingi cha Mwabukindo, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Bariadi mjini, litakabidhiwa kwa mpangaji mpya. Chama kimeelemewa na madeni, mali zake zinaorodheshwa, na kila kilichomo ndani sharti kiwe kimetoka. Vitabu themanini na viwili vitahamia katika kabati la shule ya msingi. Sitini na kimoja vitauzwa kwa kilo kwa wachuuzi wa karanga na vitumbua, iwapo havitapata wa kuvitetea.

Aliyevitia hatiani ni Wilhelmina mwenyewe, kwa mkono wake na kwa penseli yake.

Alizaliwa Nassa mwaka 1943, mtoto wa tatu wa mkulima wa pamba na mpunga. Katika shule ya kati ya misheni alipata Kiingereza cha kusoma zaidi kuliko cha kusema, na alipata pia tabia ya kutoacha jambo lipite bila kulitolea hukumu. Mwaka 1971 chama kilimwajiri kuwa karani wa daraja. Ushirika ukavunjwa, ukarudishwa, ukabadilishwa jina. Meza ilibaki, naye akabaki nayo.

Kazi yenyewe yahitaji jicho, kidole na uso usiobadilika. Gunia haliamuliwi kwa pamba ya juu. Karani huzamisha mkono hadi kwenye kiwiko, huchota pamba ya chini kabisa, huitandaza mezani, huisikiliza kwa vidole. Nyeupe, kavu, isiyo na majani wala mchanga ni safi. Yenye madoa ya manjano, iliyoguswa na mdudu au mvua, ni fifi, na bei yake hushuka. Kanuni humtaka karani amweleze mkulima sababu, kwa sauti, mbele ya watu.

"Wapo walionitukana," anasema. "Wapo walioniletea kuku. Kuku niliwarudisha, matusi niliyapokea. Daraja halikubadilika kwa hili wala lile."

Vitabu vilifika mwaka 1989, makreti manne yaliyoshushwa kwenye stesheni ya Malampaka na kupandishwa kwenye lori la pamba lililokuwa likirudi tupu. Vilikusudiwa shule ya sekondari ambayo kuta zake hazikuwahi kuvuka madirisha. Makreti yakawekwa ghalani kwa muda, na muda ukawa mrefu. Mvua za kwanza za mwaka uliofuata zilipoanza, Wilhelmina aliyafungua ili aone kama mchwa wameingia. Mchwa hawakuwamo. Zilikuwamo riwaya mia moja arobaini na tatu: za wafalme na uchawi, za watu wasafirio kati ya nyota, na zile nene za kale, zilizoandikwa na watu waliokufa kabla bibi yake hajazaliwa.

Alianza kuzisoma miezi isiyo ya ununuzi. Na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kupokea kitu ghalani, alizipanga daraja. Nyuma ya kila jalada aliandika tarehe, neno SAFI au FIFI, na chini yake sababu, mistari mitatu isizidi.

Sababu hizo hazina huruma. Katika riwaya moja ya wafalme aliandika mwaka 1991: "Jeshi la farasi elfu kumi, na hakuna mtu akataye majani. Uongo usio na jasho. FIFI." Katika nyingine, ambamo mvua huagizwa kwa mashine: "Huyu hajapata kusubiri mvua hata siku moja, ndiyo maana anaiandika kana kwamba ni maji tu. FIFI." Riwaya moja ya kale, kurasa mia sita za nchi yenye baridi, ilipata hukumu nyingine: "Kurasa mia mbili watu wanatembeleana kunywa chai. Lakini baba yule anayekataa kumwomba radhi binti yake, akafa na neno mdomoni, namfahamu. SAFI."

Msimu ulipofika, foleni za wakulima zikawa ndefu, pengine siku mbili watu wakilala juu ya magunia yao. Wakamwuliza mama karani anasoma nini. Akawasimulia kwa Kisukuma, kisha akawatajia daraja na sababu, kwa kuwa ndivyo kanuni isemavyo. Nao wakambishia. Haikupita miaka miwili, foleni ya Mwabukindo ikawa na pande mbili, kama vikundi vya ngoma vinavyoshindana baada ya mavuno: wanaosema kitabu ni safi wanasimama upande wa mzani, wanaosema ni fifi upande wa mlango, na mwenye maneno mazuri huwavuta watu wa upande wa pili wavuke.

Hayo yalikuwa kabla ya wanunuzi binafsi. Tangu mwaka jana biashara ya pamba imefunguliwa, na ng'ambo ya barabara magunia yanapimwa bila kufunguliwa. Bei ni moja. Safi na fifi zinamiminwa katika robota moja. Mkulima hulipwa papo hapo, naye hana sababu ya kusimama juani akingoja mwanamke mwenye miwani ya uzi amwambie kwamba shamba lake lina mdudu. Wilhelmina hawalaumu. Mshahara wake wa shilingi 17,500 kwa mwezi hajauona tangu Desemba. Yeye pia angependa kulipwa papo hapo.

"Kinachonitia hofu si njaa," anasema. "Njaa naifahamu. Nahofia siku ambayo hakuna atakayeuliza tofauti. Pamba mbaya ikipata bei ya pamba nzuri, nani atainama tena kuondoa jani?"

Tarehe 10 Juni alifika Bwana Constantine, ofisa aliyetumwa kuorodhesha mali za chama. Ni kijana wa mjini, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alihesabu mizani, maturubai, meza, viti. Alipofika kwenye makreti alifurahi, kwa maana mali nyingine zote zilimlazimu kukisia thamani, lakini hizi zilikuwa zimekwisha kupangwa madaraja na mtaalamu. Mwalimu mkuu wa shule alikuwa amesema kabati lake ni moja. Hesabu ikawa nyepesi: safi ziende shuleni, fifi ziuzwe kwa uzito.

Wilhelmina alisimama karibu na mlango akimsikiliza akisoma orodha. Kwa mkulima, fifi si takataka. Fifi hupimwa, hununuliwa, husokotwa, na wapo wanaojifunika mablanketi yake wakati wa baridi. Lakini neno hilo lilikuwa limeandikwa mahali ambapo msomaji wake hakuwahi kulima pamba, na lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wake.

Alimweleza ofisa. Ofisa alimsikiliza kwa adabu, kisha akampa njia iliyokuwa nyepesi kuliko zote.

"Mama, wewe ndiye uliyeandika. Futa, uandike safi. Raba ninayo hapa."

"Nifute bila kuchambua?"

"Nani atajua, mama?"

"Meza itajua," Wilhelmina akamjibu, na ofisa akacheka, akidhani ni utani.

Thomasi, mpima mizani ambaye amefanya kazi naye miaka kumi na mitano, alishuhudia mazungumzo hayo na hadi leo hajamsamehe. Kwa maoni yake, mwanamke mzima amekataa raba na kuchagua kupofuka. Humwita "hakimu," na kila apitapo karibu na meza huuliza kama mshitakiwa amekiri.

Alichokiomba Wilhelmina badala ya raba ni haki ya zamani ya kituo cha ununuzi. Mkulima aliyepewa fifi hakulazimika kukubali. Aliweza kurudisha gunia lake, akatandaza pamba yote juani juu ya mkeka, akaichambua upya kwa mkono, jani baada ya jani, kisha akairudisha mezani ipangwe daraja mara ya pili. Karani hakuruhusiwa kukumbuka hukumu ya kwanza. Wilhelmina aliomba vitabu sitini na kimoja vipewe haki hiyo, visomwe upya kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na vitakavyopanda daraja viungane na vile vya shule, hata kama itabidi seremala atengeneze kabati la pili kwa mbao za makreti yenyewe.

Bwana Constantine alitazama kalenda. Akampa siku arobaini.

Thelathini na moja zimekwisha. Vitabu arobaini na saba vimesomwa. Ishirini na tisa vimepanda na kuwa safi. Kumi na vinane vimebaki fifi. Vilivyosalia kumi na vinne ndivyo vinene, kwa sababu mtu mwoga, anakiri, huanza na vyembamba.

Hofu yake haikutokana na vilivyobaki fifi. Ilitokana na vile vilivyopanda.

Riwaya ya farasi elfu kumi ilikuwa ya nne katika kuchambuliwa. Alipofika ukurasa wa 212 alimkuta mchunga farasi, mtu asiyetajwa jina, akisimama mbele ya mhazini wa mfalme kuomba shayiri na kufukuzwa. Kurasa nne nzima. Miaka minne iliyopita aliziruka, kwa kuwa msimu ulikuwa umekaribia na alikuwa na haraka. Aliandika kwamba hakuna akataye majani, ilhali mtu huyo alikuwamo, amesimama mlangoni, na yeye ndiye aliyempita bila kumwamkia.

"Nilikaa nacho mapajani," anasimulia. "Nikajiuliza, ni magunia mangapi niliyachota juu nikidhani nimechota chini? Ni wakulima wangapi walirudi nyumbani na bei ya fifi kwa sababu nilikuwa na haraka?"

Thomasi alimkuta katika hali hiyo, akamrushia neno kutoka kwenye mzani. Aliuliza kuhusu zile themanini na mbili alizoziita safi. Je, nazo hatazichambua? Au karani huogopa kufungua gunia ambalo limekwisha kusifiwa?

Hata sasa Wilhelmina halipendi swali hilo. Anajua kwamba haki ingemtaka azifungue zote. Anajua pia kwamba siku hazitoshi, na kwamba riwaya ya baba asiyeomba radhi, ambayo aliipenda kuliko zote, amelipita kreti lake mara kadhaa mwezi huu bila kunyoosha mkono.

Riwaya nyingine iliyompa taabu ni ya wasafiri wa nyota. Chombo kimeondoka katika dunia yetu, safari yake ni miaka mia tatu. Watu wanazaliwa humo, wanaoa humo, wanakufa humo. Hakuna aliyeona walikotoka, wala atakayeona waendako. Hukumu ya mwaka 1992 ilikuwa kali: "Hawana ng'ombe, hawana makaburi. Watu wasio na makaburi hawana cha kugombania. FIFI."

Wiki mbili zilizopita mzee Mayala, mwenye umri unaokaribia miaka themanini, alileta magunia yake mawili. Yeye ni miongoni mwa wachache ambao bado huvuka barabara kuja upande wa chama, kwa kile anachokiita heshima ya meza. Hajui kusoma. Lakini hukumu ile aliisikia kwenye foleni miaka mitatu iliyopita, na siku ile alikuwa upande wa mzani, upande wa safi, peke yake. Alipoona kitabu kile mezani alikitambua kwa picha ya jalada, akaketi juu ya gunia lake, akataka kesi ifunguliwe.

"Mayu, wewe ulisema hawa hawana makaburi," akaanza.

"Nilisema, baba."

"Babu yangu alitoka na ng'ombe upande wa ziwa, akitafuta majani. Baba yangu alizaliwa njiani. Mimi nilizaliwa njiani. Kaburi la babu hatulijui, la bibi hatulijui. Wanangu wawili wameshatangulia kusini na mifugo, nao watazalia huko mbele. Sasa niambie, sisi hatuna cha kugombania?"

Wilhelmina alikifungua kitabu ukurasa wa kwanza. Mzee akaongeza kwamba mtu aliyeandika kitabu kile, hata kama ni Mzungu na hata kama chombo chake kinaruka, lazima aliwahi kutembea nyuma ya ng'ombe. Kama hakutembea, basi aliambiwa na aliyetembea, na alisikiliza vizuri.

Wakulima watatu waliokuwapo wakavuka, wakasimama upande wa mzani. Thomasi naye akavuka, akidai kwamba alikuwa anafuata kivuli tu.

Wilhelmina alikisoma kitabu hicho kwa siku mbili. Kilipanda. Sababu aliyoiandika mara hii ni fupi kuliko zote alizowahi kuandika: "Mzee Mayala yuko sahihi. SAFI." Ndiyo sababu pekee, kati ya mia moja arobaini na tatu, yenye jina la mtu mwingine.

Kazi hiyo ina gharama yake. Macho yamevimba, na ifikapo saa tisa alasiri herufi huanza kuogelea. Shamba lake la mahindi la ekari moja na nusu halijavunwa lote, na majirani wameanza kusema kwamba amerogwa na makaratasi. Mtu aliyezoea kutoa hukumu na kulala sasa huamka na shaka. Hata pamba chache zinazofika mezani huzichota mara mbili, mara tatu, hadi wenyewe wanachoka na kufunga magunia yao.

Saa nne asubuhi, mkulima wa mkokoteni ule hatimaye anashusha mizigo yake upande wa chama. Wilhelmina anafunga kitabu, anaweka unyasi kati ya kurasa, anakunja mkono wa gauni. Anazamisha mkono hadi chini. Anatandaza. Anaisikiliza kwa vidole, na mkulima anahama mguu mmoja hadi mwingine.

"Safi," anasema. "Kavu, nyeupe, haina jani. Umeichambua vizuri."

Mkulima anajibu kwamba aliyechambua ni mkewe, na kwamba mkewe ndiye aliyemkataza kuvuka barabara.

Kuhusu tarehe 20, Wilhelmina amekwisha kuamua. Orodha atakayoikabidhi itakuwa ya kweli, na vitabu vitakavyobaki fifi vitaandikwa fifi. Hatatumia raba. Yeye anakisia havitapungua ishirini, na hivyo ishirini ndivyo vinavyomnyima usingizi, maana kwa kanuni ya Bwana Constantine vimekwisha kutiwa hatiani mara mbili. Kuvinunua mwenyewe hawezi; mtu asiyelipwa tangu Desemba hashindani na wauza karanga.

Ila anacho kitabu kimoja. Ni riwaya ya mwana wa mfalme mwenye upanga unaosema, aliyetabiriwa kabla ya kuzaliwa, ambaye kwa kurasa mia tano hajawahi kuchota maji wala kumsikiliza aliyemchotea. Wilhelmina amekisoma mara tatu na kila mara kimezidi kuwa kibaya. Katika ghala lote hakuna fifi iliyo fifi kama hiyo.

Ofisa atafika asubuhi na lori la kubeba mali litachelewa, kama malori yote. Katikati hapo, Wilhelmina amepanga kumwekea kiti, kumpa uji, na kumkabidhi kitabu hicho, akimwomba asome sura ya kwanza tu ili ashuhudie kwamba daraja limetolewa kwa haki.

"Yeye ni kijana, atakiona kizuri," anasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake unalegea kidogo. "Ataniambia nimekosea. Nitambishia. Atatafuta ukurasa wa kunionyesha. Na mtu akishatafuta ukurasa wa kukushinda, kitabu hicho hawezi tena kukipima kwa kilo. Kikipona hicho kibaya, vingine navyo nitavitetea."

Anavaa miwani, anaondoa unyasi, na kidole kinarudi kwenye mstari.